Nyasi za Toleo la Nne

Alhamisi tarehe 3 Agosti 1978, saa tatu na robo asubuhi, Nsengimana aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa nyumba ya mchoraji Ildefonsi, mjini Kasulu. Kwenye keria alikaa shemeji yake, Kezia, mjane wa miaka hamsini na miwili. Miguu ya Kezia iliishia chini kidogo ya magoti, katika kishungi cha nyasi chenye urefu wa shubiri moja. Nyasi hizo zilikuwa nyeusi. Mbuzi wawili walikuwa wameifuata baiskeli tangu sokoni, na midomo yao ilikuwa na wino.

Nsengimana alimshusha akamweka kizingitini. Kezia akapiga makofi ya salamu, taratibu, kama desturi ya Waha inavyotaka unapomfikia mtu nyumbani kwake ukiwa na haja.

"Mwakeye, baba."

"Mwakeye, mama Kezia. Karibuni ndani."

"Ndani tutafika," alisema Nsengimana akifuta jasho. "Huyu ukimweka mahali anaota. Kesho atataka mbolea."

"Wewe panda tu, shemeji," alisema Kezia. "Kuvuna nitavuna mwenyewe."

Ildefonsi alikuwa akipanga michoro yake ya zamani. Jumamosi kungefunguliwa maonyesho ya kazi zake za miaka mitano.

Mwaka 1973, akiwa na miaka ishirini na minne, alichora hadithi za picha katika *Tuhame Leo*, gazeti la kurasa mbili lililowahimiza watu wa Titye wahamie kijiji kipya. Kwa toleo la nne alihitaji mtu anayekataa kuhama. Alimchagua Kezia kwa sababu mbili: Kezia alikuwa amekataa kweli, na sura yake aliijua vizuri, kwani alipokuwa akisoma shule alilala na kula kwake miaka miwili. Katika picha sita alimwita Mama Mbishi. Katika ya sita, nyani walikuwa wakila mahindi yake naye akiwatazama.

Gazeti lilichapwa kwa stensili. Karatasi ya stensili imepakwa nta, na kalamu yake ya chuma ikirudi mara nyingi mahali padogo, karatasi huchanika na wino huvuja. Vidole vya miguu vilimshinda. Viongozi aliwachora nyuma ya meza, hivyo hawakuhitaji miguu. Kezia alisimama peke yake shambani. Ildefonsi alimkatia miguu kwenye nyasi.

Nakala mia nne ziligawanywa Jumapili baada ya ibada. Mchana Kezia alitaka kuinuka aepue chungu, akakuta hana cha kuinukia. Mganga wa zahanati aliandika kwamba hakuna jeraha. Lori lilipofika Jumanne, wengine walikimbilia migombani. Kezia alipakiwa wa kwanza.

Katika kijiji kipya, kamati iliamua kwamba kila mkuu wa kaya apime ekari yake kwa miguu yake mwenyewe, hatua sabini kwa sabini, ili wakubwa wasije wakaleta ndugu zao wenye hatua ndefu. Uamuzi huo ulisifiwa kuwa wa haki. Kezia alipata pale alipokuwa amekaa. Tangu hapo alilima kingo za shamba la Nsengimana, kwa jembe la mpini mfupi.

"Jumatatu wanagawa bonde la maharage," Kezia alimwambia Ildefonsi. "Ndiyo ardhi ya mwisho. Nimekuja unichoree miguu."

Ildefonsi alitoa stensili ya toleo la nne katikati ya magazeti makuukuu. Ilikuwa imechanika kidogo kwenye bega la Mama Mbishi. Kezia alikuwa na kidonda kwenye bega hilohilo tangu masika, na dawa zote zilikuwa zimeshindwa. Ildefonsi alifungua kichupa cha dawa nyekundu ya kuzibia stensili, akapaka tone moja kwa brashi, akapuliza. Kidonda kilifunga. Kezia alipitisha mkono chini ya khanga akahakikisha.

"Asante, baba. Na chini?"

Ildefonsi alimwonyesha daftari. Kurasa kumi na moja zilijaa miguu: ya wakulima, ya wanawake kisimani, mingine yenye nyufa za kisigino zilizochorwa moja moja. Nsengimana aliinama kutazama.

"Huu ni wa mtu wa Munanila," alisema. "Ona, umezoea mlima. Shemeji, usichukue huo, utatuacha."

"Wowote," alisema Kezia. "Hata ya kushoto yote miwili."

"Ni kazi ya dakika kumi," alisema Ildefonsi. "Lakini sitaifanya."

"Mkono unauma?"

"Hapana. Hii ni kazi yangu ya mwanzo. Nikiisahihisha, watu watadhani nilianza nikiwa fundi."

"Si uwaambie tu."

"Kuambiwa si kuona, mama."

"Ulikula kwangu miaka miwili. Miguu yangu uliiona kila siku."

"Nakumbuka. Ndiyo maana uso umefanana."

Kezia alilifunga daftari. "Basi Jumapili, maonyesho yakiisha."

"Jumapili michoro inapakiwa kwenda Kibondo. Itakaa huko mwezi mzima."

Aliwapa chai. Nsengimana alikunywa vikombe viwili, kisha akampakia Kezia kwenye keria, wakaondoka.

Jumamosi walihudhuria watu hamsini na watatu. Stensili ilibandikwa kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite kwenye mistari. Abbasi, mwalimu wa uchoraji aliyealikwa kutoka Kigoma, alisimama mbele yake dakika ishirini. Alisema kwamba michoro ya baadaye ilikuwa na miguu, lakini huu ulikuwa na ujasiri. Ildefonsi alieleza kwamba wakati ule alikuwa akichora vibaya sana. Watu walicheka kwa upendo. Saa kumi na moja jioni ukumbi ulifungwa, na Jumapili michoro yote ilisafirishwa kwenda Kibondo.

Jumatatu tarehe 7 Agosti, saa tatu asubuhi, kamati ilikutana bondeni. Winifrida, katibu, aliita majina. Jina la kumi na tisa lilikuwa la Kezia, ambaye Nsengimana alikuwa amemweka kwenye kigingi cha kuanzia.

"Nipo," alisema Kezia.

"Anza."

Kezia aliegemea mbele. Nyasi ziliinama pamoja naye, zikasimama tena. Winifrida alisubiri, kama kanuni ilivyosema, mpaka alipohesabu hadi mia. Kisha akaandika sifuri.

Jina la ishirini lilikuwa la Nsengimana. Alimbeba Kezia akamweka kando, kwenye njia, akarudi kigingini na kuanza kupima, akihesabu kwa sauti. Alipofika ishirini na mbili, Kezia alipiga kelele kutoka njiani.

"Nyoosha mguu, shemeji! Unatembea kama bibi harusi."

Watu walicheka. Nsengimana alinyoosha mguu. Saa nne na dakika ishirini alifika sabini, akachomeka kigingi.