Mzee Suleimani Anunua Amplifaya

Mzee Suleimani Jumbe wa Chumbageni alikuwa ameshaamua kwamba kosa liko kwenye vyombo. Likiwa si kwenye vyombo, basi liko kwa Rama mpiga udi. Mahali pa tatu pa kulitafuta hakupaona, na mtu aliyesomea umeme kwa masomo ya jioni, akitoka kiwandani na grisi mikononi, hakosi kupaona mahali.

Katika kikundi chao cha taarabu yeye hapigi chombo wala haimbi. Kazi yake ni kusikiliza. Wimbo mpya hautoki mazoezini mpaka Mwalimu Suleimani aseme uko tayari. Jina hilo la Mwalimu walimpa wenyewe, naye hakulikataa. Alichokataa ni kuulizwa alifundisha shule gani.

Safari hii Bi Mwanasiti, mwimbaji na kiongozi wao, alimtumia kwa simu wimbo wa kufungulia harusi ya Muheza. Mzee akavaa hedifoni zake kubwa, zawadi ya binti yake Khadija, akafumba macho, kisha akatoa hukumu mbele ya kikundi kizima.

"Udi umelala."

Wakarekodi upya. Akavaa tena, akafumba macho tena.

"Bado umelala. Rama, unaupiga au unaubembeleza?"

Watu wakacheka. Wenzake walikuwa wameusikia udi vizuri kabisa kwenye spika ya simu, lakini nani angebishana na Mwalimu mwenye hedifoni? Bi Mwanasiti akasema, kama mambo ndiyo hayo, Muheza ataazimwa mpiga udi wa Pangani, na Rama apumzike kwanza.

Rama, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni, hakupandisha sauti. "Mwalimu, usikilize mara moja tu kwa chombo cha maana. Ukisema tena umelala, mimi nautundika ukutani na sirudi."

Ndiyo maana asubuhi yake Mzee Suleimani alikuwa Ngamiani, kwenye duka la vifaa vya muziki, na mkewe Bi Hasina nyuma yake.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," alisema mwenye duka, Mshambaa mmoja aitwaye Innocent.

"Marahaba. Nataka amplifaya ya hedifoni. Iwe na nguvu, na kitufe chake cha sauti kiende kwa hatua ndogo ndogo. Sitaki vile vinavyoruka kama chura."

Innocent akaweka mbili mezani. Ya kwanza nzito kama tofali. "Hii ina nguvu, inasukuma hata hedifoni za studio." Ya pili ndogo, na kitufe chake kilikuwa kikilia tik, tik kila kinapozungushwa. "Na hii kila tik inapanda kidogo sana. Tena kulia na kushoto zinapanda sawasawa. Zile za bei rahisi, ukishusha sana sauti, upande mmoja unazimika kabla ya mwenzake."

"Hilo ndilo nililokuwa nalisema," alisema Mzee Suleimani, ambaye hakuwa amelisema.

Akaanza na tofali. Akaunganisha simu, akaufungulia wimbo, akapandisha. Fidla ikamjia sikioni kama wembe. Udi ulikuwa umelala vilevile. Akapandisha tena.

"Mbona udi nausikia mimi kutoka huku?" aliuliza Bi Hasina, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Unasikia kelele zinazovuja, Mama Khadija."

"Basi kinachovuja ni huo udi."

Akahamia ile ndogo, tik kwa tik, taratibu, uso umekunjamana kama wa hakimu. Mambo yakawa yaleyale. Hapo Mzee Suleimani akatabasamu. Alikuwa amelikamata kosa. Wimbo ule ulirekodiwa fidla kulia, udi kushoto. Basi hedifoni ndiyo mbovu, upande wa kushoto.

"Fundi hakisii," alimwambia Innocent, akainua kidole. "Fundi anageuza pande. Hedifoni ya kushoto naiweka sikio la kulia. Ikiwa mbovu, ukimya utaifuata huko. Hii inaitwa kupima."

Akazigeuza, akavaa.

Udi ukaingia sikio la kulia, mzima, mzito, kila uzi na neno lake. Ni fidla sasa iliyokuwa imelala, kushoto. Ukimya haukuhama. Ulikuwa umekaa palepale, kushoto kwa Suleimani Jumbe.

Akazigeuza tena, maana mtu aliyesoma hupima mara mbili. Kisha akanyoosha mkono kwenye lile tofali.

"Liache hilo," alisema Bi Hasina. "Nguvu hiyo itakuulia na sikio la pili."

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Mwaka jana nilihama upande wa kitanda. Hukujiuliza kwa nini? Nilichoka kuzungumza na ukuta."

Innocent akapata ghafla kazi ya kufuta vumbi kwenye rafu ya nyuma.

Mzee alinunua ile ndogo. Rama alikuwa ametahayarishwa mbele ya watu, na radhi yake nayo ilikuwa lazima iombwe mbele ya watu hao hao. Hilo alilijua bila masomo ya jioni. Jioni akasimama mbele ya kikundi, kola imenyooka.

"Ndugu zangu, katika uchunguzi wangu imebainika hitilafu ya kiufundi katika mfumo wa upokeaji sauti..."

Bi Hasina akakohoa.

"Sikio langu la kushoto halisikii," alisema Mzee Suleimani. "Udi uko kushoto. Rama, nimekukosea. Niwie radhi."

Rama akauliza, "Tangu lini, Mwalimu?"

"Sijui. Mama Khadija anasema mwaka."

"Kwa hiyo mwaka mzima umesikiliza nusu ya taarabu, ukatusahihisha nzima."

Kicheko kilichofuata Mzee alikisikia vizuri sana, hata bila amplifaya. Bi Mwanasiti alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Nimekuwia radhi," alisema Rama. "Lakini wimbo wangu hujausema bado. Uvae, tukuone."

Mzee akaunganisha amplifaya yake mpya, akavaa hedifoni kinyume mbele ya wote, akashusha sauti tik kwa tik mpaka ikatulia. Hakufumba macho. Akausikiliza udi mwanzo hadi mwisho.

"Haukulala," alisema. "Hata mara moja. Muheza anakwenda Rama."

"Na fidla yangu je?" aliuliza mpiga fidla, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akisifiwa.

Mzee Suleimani akazivua hedifoni na kumpa mkewe.

"Hiyo muulize Mama Khadija."

Bi Hasina alizivaa juu ya mtandio, akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Punguza, mwanangu," alisema. "Unapiga kelele."