Waraka wa Usafi wa Vyoo

Kwa miaka mitatu nilimwandikia binti yangu barua moja tu, na sikuituma. Niliiandika saa ya mapumziko, wenzangu wakishatoka kwenda kula, mimi nikibaki na kompyuta, glasi ya maji na feni inayolalamika kunishinda mimi. Mimi ni mhazili, nachapa haraka kuliko ninavyofikiri, kwa hiyo barua ilifika kurasa arobaini na moja. Niliihifadhi kwa jina la "Usafi wa Vyoo" kwa sababu nawajua watu wa ofisi yetu: faili ukiliita "Mishahara" litafunguliwa kabla hujakaa, lakini la vyoo litalala hapo mpaka kiama.

Mtataka kujua tuligombania nini. Aliniletea mwanamume ambaye niliona hafai, nikamwambia akitoka na yule mlangoni asirudi. Ulimi hauna mfupa. Alitoka, na kumbe ni mtiifu kuliko nilivyomdhania, maana hakurudi. Ndani ya zile kurasa nilikuwa nikimweleza kwa nini mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Jumanne moja ikaingia barua pepe kutoka kwa mhazili mwenzangu wa ofisi ya tawi. Ilikuwa na kiambatisho na maneno machache: "Waraka tuliouzungumzia. Soma ukiwa peke yako." Hatukuwa tumezungumza chochote. Lakini peke yangu nilikuwa, na ni nani mwingine aliyewahi kuniandikia kwa siri? Nikafungua. Ikatokea orodha isiyo na kichwa wala miguu, na juu yake kimstari cha njano kikiomba ruhusa ya kuendesha makro. Sikujua makro ni mdudu gani. Nikaruhusu, maana kompyuta ikiniomba kwa adabu huwa siikatalii. Kisha nikaifunga ile takataka, nikafungua barua yangu, nikaendelea nilipoishia.

Saa nane bosi akasimama mlangoni mwangu, miwani mkononi. Ni mtu wa sauti kubwa, lakini siku hiyo alinong'ona.

"Mama, ule waraka wa vyoo ulionitumia."

"Sijakutumia waraka wowote."

"Nimeusoma hadi ukurasa wa tisa. Nilikuwa nangoja ufike kwenye vyoo." Akavaa miwani, akaivua tena. "Pole sana. Sikujua kama unaishi peke yako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akaitwa fundi wa kompyuta, mzee wa rika langu asiye na haraka na lolote. Alikaa kwenye kiti changu, akaguna mara mbili tatu, akanieleza. Hicho ni kirusi cha makro, kinajificha ndani ya waraka. Ukishakiruhusu, kinaingia kwenye kila waraka utakaoufungua baadaye, halafu kinautuma kwa jina lako kwa watu hamsini wa kwanza katika kitabu chako cha anwani.

"Wa kwanza kwa alfabeti?"

"Kwa alfabeti."

Mwanangu nilikuwa nimemwandika "Binti". Sikuhitaji kuhesabu. Nisiwafiche, nilifurahi. Nililoshindwa miaka mitatu, mdudu kalimaliza kwa dakika moja.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Fundi alisema niwaandikie wote hamsini, kwa jina langu, wafute ule waraka bila kuufungua.

"Wote?"

"Wote, mama. Ukimwacha mmoja tu, naye atawatumia hamsini wake."

"Na kama huyo mmoja ni mtu wangu, na ningependa asome?"

Akaniangalia. Nadhani naye alikuwa ameshausoma. "Anafanya kazi wapi huyo mtu wako?"

"Masjala ya hospitali."

Aliinamia begi lake akaanza kupanga waya.

Nikaandika: "Usifungue. Futa mara moja." Nilipofika kwenye jina la binti yangu nilikaa muda mrefu. Niliwaza majalada ya wagonjwa, nikamuwaza yeye ameitwa na wakubwa wake kuulizwa nani kamletea balaa lile, naye anajibu ni mama yangu. Nikaliacha jina lake kwenye orodha, nikabonyeza tuma. Halafu nikaenda kulia chooni, na kusema kweli vyoo vile vinahitaji usafi.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. "Nimefuta, sijafungua. Ilikuwa nini?"

Hata shikamoo hakuweka. Lakini lilikuwa neno lake la kwanza tangu aondoke, na nililisoma mpaka nikaona haya kwa kulisoma.

Fundi alikuwa ameshasafisha mashine. Makro imeondoka, kurasa zangu zote zimebaki. Nikamjibu: "Ilikuwa barua yangu kwako. Sasa ni safi. Nikutumie tena?"

Ilipita saa nzima. "Ina kurasa ngapi?"

Nikamwambia.

"Fupisha, Mama. Niko kazini."

Hapo nikajua hakika ni mwanangu. Nikaanza kukata. Ukurasa wa kwanza ulihusu namna yule mwanamume alivyokalia kiti changu bila kukaribishwa, ukaenda. Kuanzia wa tano hadi wa kumi na mbili nilikuwa nikieleza nilivyomlea kwa taabu, kana kwamba ni yeye aliyeniomba nimzae, zikaenda zote. Yakaenda waliyosema majirani, na yale niliyowajibu. Kila nilipofuta nilitafuta mahali penye haki yangu, na kila nilipopaona palikuwa maneno matupu. Wenzangu walitoka kula, wakarudi, wakanipita wakinyata, maana wote walishajua nafuta nini.

Saa kumi na moja nilibakiwa na mistari miwili ya ukurasa wa thelathini, ambayo sikumbuki niliiandika lini:

"Nilikukosea. Bado natoa sahani mbili, halafu narudisha moja kabatini."

Sikuiweka kwenye kiambatisho. Niliichapa ndani ya barua pepe yenyewe, polepole, kwa kidole kimoja, nikaituma. Mlinzi akaja kuniambia anataka kufunga. Nikamwomba dakika tano. Akanipa, zikaisha, nikamwomba nyingine.