Sinia Lililokuja Lenyewe

Jumapili baada ya misa ya pili, nyumba ya Mama Vestina pale Gongoni hujaa mpaka viatu vinakosa pa kukaa mlangoni. Safari hii watu walikuja kumsalimu mwanawe Eustace, frateri anayesomea falsafa seminarini, aliyekuwa likizo. Chai ilipoiva, sinia lilitoka jikoni, likapita koridoni usawa wa kiuno cha mtu mzima, likakunja kona ya kabati na kutua mezani bila kumwaga tone. Nyuma yake likafuata bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa. Wageni wakanawa, wakala. Mwamvita, jirani wa ukuta mmoja, alisema chai imepungua asali.

Sinia lilikuwa likija hivyo tangu Kwaresima. Kabla ya hapo lililetwa na Nahimana, msichana wa kazi kutoka Ulyankulu. Alipofika, watu walimtazama sana: kwao wapi, wazazi wazima, mbona mrefu hivyo? Kisha wakamzoea, macho yakahamia kwenye sinia. Ikaanza kupotea mikono, halafu mwili uliobaki. Mama Vestina, kila alipoulizwa, alisema msichana ni mtulivu.

Eustace naye alikuwa na lake. Alipaswa kurudi na insha juu ya askofu mmoja wa Ulaya ya zamani, aliyefundisha kwamba kuwepo ni kutambuliwa. Kitu ni kile kinachoonwa, kinachoguswa, kinachosikiwa. Ukiviondoa hivyo, hakuna kingine kilichojificha nyuma yake. Alikuwa ameisoma sentensi hiyo mpaka akaikinai, na haijamwingia. Wageni walitaka kujua mafrateri wanasoma nini, akawaeleza.

"Kwa hiyo, Frateri, nikifumba macho mume wangu hayupo?" aliuliza Mwamvita.

"Utamsikia anakoroma."

"Na nikiziba masikio?"

"Askofu anasema Mungu anamwona."

"Basi Mungu ana kazi."

Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Katikati ya kicheko hicho Eustace aliliona sinia likinyanyuka kurudi jikoni. Halikuishia huko. Liliweka vyombo chini, likatoka na chupa ya mafuta, na chupa ikaingia chumba cha bibi yake, Bernadeta, ambaye haoni tangu Eustace akiwa mdogo. Akaifuata.

Bibi alikuwa amenyoosha miguu kitandani. Mafuta yalikuwa yakitembea yenyewe kwenye nyayo zake. Bibi akapeleka mkono hewani, akashika, na pale aliposhika kikatokea kiwiko, kisha bega lenye kitenge kilichopauka, kisha uso wa msichana unaotoka jasho.

"Nahimana huyu," alisema bibi. "Ananuka moshi na karanga. Kidole chake kina kovu la kisu. Na akidhani nimelala, anaimba."

Eustace alikaa chini sakafuni. Sentensi ya askofu ilimwingia yote kwa mara moja, na vinyweleo vikamsimama kama kengele ya misa inapolia wakati wa mageuzo. Kuta, kabati, sauti ya Mwamvita inayotoka sebuleni, vyote aliviona vimeshikiliwa juu ya shimo, na mwenye kuvishikilia ni yeyote aliyekubali kuvijali. Alikaa hivyo muda mrefu, akiogopa kupepesa macho.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," bibi aliendelea. "Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Alipofika, alikuwa akituambia, watu walitoka nje kutazama pembe zinavyokuja."

"Na wapagazi?"

"Pembe zilikuja, mjukuu wangu."

Ndipo Nahimana alipozungumza. Jumatano mjomba Valentino angekuja kumchukua bibi, akakae naye Mwanza na kutibiwa macho. "Frateri, bibi akiondoka, mimi nitakuwa wapi?"

Eustace alikwenda kumweleza mama yake. Mama Vestina alimsikiliza vizuri, akasema msichana huyo hajapigwa wala kutukanwa katika nyumba hii, kisha akamtuma akawasindikize wageni. Kesho yake Eustace aliketi jikoni akimtazama Nahimana akikaanga karanga, naye alikuwepo mwili mzima, mpaka kwenye visigino. Alipoinamisha kichwa kuandika alichokiona, karanga zikabaki zikijikoroga.

Jumatano, stesheni, bibi alikataa kufungua kiganja chake cha kulia. Mjomba Valentino akadhani ni uzee, akamwingiza behewani kwa mkono wa kushoto, naye bibi akajibana pembeni ya kiti kama mwenye kumwachia mtu nafasi. Mjomba akafungua simu yake. Walipofika Bukene, muuza karanga alisimama chini ya dirisha.

"Shikamoo, bibi. Na huyo dada mrefu, nimpe za ngapi?"

"Marahaba," alisema bibi. "Muulize mwenyewe."

Gongoni, jioni hiyo, chai haikutoka. Mama Vestina alichungulia jikoni, akasema wasichana wa siku hizi ndivyo walivyo, wanaondoka bila kuaga. Seminarini, insha ya Eustace ilisomwa mbele ya darasa zima, kwa kuwa hakuna aliyemwelewa askofu kama yeye. Ndani yake kulikuwa na sinia, mafuta yanayotembea, na "msichana mmoja".

Baadaye akaletwa Kabula, kutoka Nzega. Wageni walimtazama sana, wakamuuliza kwao wapi, wazazi wazima. Mvua za kwanza zilipoanza, sinia lilitoka jikoni, likapita koridoni, likakunja kona ya kabati, likatua. Mwamvita alionja, akasema safari hii asali imekolea.