Dalmas na Linux Yake
Kama kuna neno nililolichukia mwaka huu, ni Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Dalmas aliuleta kwenye saiba yetu, duka la kompyuta na uchapishaji tunaloendesha pamoja hapa Mamboleo, nilipokuwa nyumbani Awasi kwenye matanga ya baba. Kurudi, nakuta Windows imefutwa kwenye kompyuta zote. Eti virusi vimezidi, eti Linux ni ya bure na hakuna atakayetusumbua na leseni. Kazi zangu kaziweka kwenye flashi moja, basi. Hakuniuliza.

Dalmas ni ndugu yangu wa baba mmoja. Mama yangu ni mikayi, mke wa kwanza. Mama yake aliolewa baadaye. Kwetu hilo halina mjadala. Hata kwenye kijitabu cha mazishi, mikayi hutangulia. Kijitabu cha baba nilikuwa nimeshakipanga, na tulikuwa tunamzika kesho yake.

Nikakifungua. Picha zimehama! Mama yangu kaporomoka chini ya ukurasa, nusu ya uso imekatwa, na juu, kando ya baba, katulia mama yake Dalmas anatabasamu.

"Umefanya makusudi," nikamwambia.

"Makusudi gani, Rachael? Ulipanga na programu ya Windows, hii inasoma tofauti. Toka hapo nikupangie."

"Usiguse mama yangu! Mlikuwa mnangoja mzee afe ndiyo mjiweke mbele?"

Mteja mmoja alikusanya karatasi zake akatoka. Dalmas aliinamisha kichwa, na nilifurahi kuona imemuuma.

Nikachomoa flashi, nikapanda boda hadi mjini kwa Kangethe, ambaye saiba yake bado ina Windows. Akaichomeka. Kijitabu kikatoweka. Picha za baba, wasifu wake, ratiba ya ibada, vyote vimegeuka vialama vitupu ambavyo ukibonyeza havifunguki.

"Ni virusi, madam," Kangethe akasema huku akitafuna karanga. "Hii mashine iko nazo siku mingi. Pole."

Pole! Mjinga yule alijua, akachomeka hivyo hivyo. Nilimtukana mpaka mlinzi wa duka la jirani akaja kuchungulia. Lakini matusi hayarudishi kijitabu, na mama yangu angezikiwa mume kesho bila jina lake kuonekana popote.

Ikabidi nirudi Mamboleo. Nikampa Dalmas ile flashi bila kumtazama. Aliichomeka, na kila kitu kikajitokeza. Virusi vilikuwa vimeyaficha tu mafaili, na Linux yake haikudanganyika. Akaivuta picha ya mama yangu taratibu, akaipandisha kando ya baba. Ya mama yake akaishusha chini yake. Sikumwelekeza hata mara moja. Kisha akachapisha.

Badala ya kusema asante, nikanyoosha mikono.

"Mama yako ako mahali pake," akasema, akinirundikia vijitabu mikononi. "Yeye na mamangu wanalala nyumba moja tangu mzee afe, wanashikana mkono wakilia. Wao hawana shida. Shida ni wewe."

"Dalmas..."

"Kesho tuzike baba. Jumatatu utafute duka lako."

Akageukia kompyuta yake. Nilifungua kijitabu cha juu, bado kina joto, nikawatazama mama zetu wawili, mmoja juu ya mwenzake, kisha nikatoka.