Mwaka Uliopunguzwa

Kwa wiki mbili za Mei 1998, nyumbani kwa Clement huko Germantown hapakuwa na ubishi mwingine ila mmoja: Solomon acheze wapi besiboli kiangazi kile.

Solomon alikuwa na miaka kumi na tano, na mkono wake wa kulia uliwafanya watu wazima wasimame kwenye uzio kumtazama akirusha mpira. Ligi ya mtaa ilimtaka. Uwanja wake ulikuwa dakika kumi kwa miguu, na kocha alikuwa jirani yao Ethan, mtu wa posta. Lakini timu moja ya Herndon, upande wa Virginia, nayo ilimwita. Hiyo ilikuwa timu ya kusafiri: kila Ijumaa mnafunga mizigo, wiki hii Delaware, wiki ijayo Carolina, na huko kwenye mashindano kuna watu wa vyuo vikuu wanaoandika majina ya vijana.

"Mimi Jumamosi niko wodini, Jumapili kanisani," alisema Benadetha, mama yake, ambaye alikuwa muuguzi. "Mtoto nitakuwa namwona kwenye picha?"

"Mama Solo, hii ni bahati," alijibu Clement. "Chuo kimtafute mtoto, badala ya mtoto kukitafuta chuo!"

Solomon alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, na jibu lilikuwa neno moja: Herndon. Mwishowe Benadetha akaacha kubisha.

Jumamosi iliyofuata Clement alimpeleka kwenye mkutano wa wazazi wa timu ya Herndon. Foleni ya Beltway, barabara kuu inayozunguka jiji, ilikuwa ndefu, lakini njia nzima alikuwa akiimba. Alikuwa ofisa wa ubalozini, mwaka wa kumi na moja sasa kwenye dawati la pasipoti, mtu wa shati lililonyooshwa hata siku ya mapumziko. Uwanjani kocha alimpa mkono huku akitabasamu.

"Solomon ndiye mrushaji wangu wa kwanza. Timu yetu ya chini ya miaka kumi na tano haijawahi kupata mkono kama huu."

Clement alidhani amesikia vibaya. "Chini ya kumi na tano? Huyu ametimiza kumi na tano tarehe tatu mwezi huu."

Kocha alicheka, akafungua faili na kumwonyesha nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Clement alikifahamu cheti hicho. Alikuwapo kilipoandikwa, Dodoma, na karani aliyekiandika alikandamiza kalamu kama anayechonga mti. Sasa mwaka ulisomeka 1984. Ile nne haikuwa ya karani yule. Ilikuwa nyembamba, imelala kidogo, na pembeni yake palikuwa na kivuli cha kijivu, kama fotokopi inavyoacha mahali palipopakwa wino mweupe wa kufutia. Vyeti vya namna hiyo alikuwa amevikataa mara ngapi pale dawatini? Masikio yalimziba. Aliona midomo ya kocha ikienda, asisikie kitu.

"…na isitoshe," sauti ikamfikia, "karatasi za huko kwenu, nani anajua hasa? Hakuna anayechunguza."

Clement aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Hakuaga. Alimwita mwanawe, wakaingia garini.

"Nani ameandika hii?"

Solomon aliitazama karatasi, kisha akatazama viatu vyake. "Mimi."

"Kocha alikutuma?"

"Hapana. Alisema tu kwamba kwa wakubwa nitakaa benchi. Akasema laiti ningezaliwa mwaka mmoja baadaye. Nikatoa cheti kwenye droo, nikafuta kwenye nakala."

"Unajua baba yako anafanya kazi gani?" Clement aliigonga ile nne kwa kidole. "Unajua watu wangapi wamelia mbele yangu kwa sababu ya tarakimu moja?"

Hapo Solomon akageuka, na safari hii alisema Kiswahili. "Lakini hata wewe ulipunguza, Baba."

"Nini?"

"Baba mdogo Leonard alisema, siku ya Krismasi. Mlikuwa mnacheka, Mama yuko wodini. Alisema ulipunguza miaka mitatu ili upate kazi serikalini."

Clement alishika usukani wa gari ambalo hakuwa ameliwasha. Ilikuwa kweli. Mafunzo aliyoyataka yalikuwa ya vijana wasiozidi miaka ishirini na mitano, naye alikuwa na ishirini na saba. Alikuwa amezoea kuzaliwa mwaka 1952 hata akasahau kwamba mwaka wake ni 1949. Na alikuwa amecheka mbele ya mtoto.

Walirudi nyumbani. Benadetha alikuwa akichambua mchele. Clement aliweka karatasi mezani akamweleza yote, ya mtoto na ya kwake, kwa sababu Solomon alikuwa amesimama pale akisikiliza. Benadetha alikaa chini taratibu. Hakumwangalia Solomon, alimwangalia mumewe kama mgeni aliyekosea mlango.

"Miaka kumi na minane ya ndoa," alisema. "Keki ya miaka arobaini niliyokuokea, nilimwokea nani?"

Hakusema naye tena hadi Jumatano.

Lakini Jumanne Clement alikuwa ameshamrudisha Solomon Herndon, na kijana alimwambia kocha mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba alizaliwa 1983 na kwamba aliibadilisha tarehe. Baba yake alisimama nyuma yake bila kusaidia. Kocha aliinua mabega. Alisema nafasi ya benchi kwa wakubwa bado ipo. Solomon alishukuru, akasema hapana. Kesho yake alimpelekea Ethan fomu ya ligi ya mtaa.

Hakufurahi. Juni nzima alirusha mpira kama mtu anayetumikia adhabu, na mechi nne za kwanza walishindwa tatu. Ya tano walishinda. Benadetha aliiona akiwa bado na sare ya kazini, akapiga kelele hadi watu wakageuka.

Clement alichukua muda mrefu zaidi. Aliandika barua ya kukiri kwa mkuu wake, akaichana, akaandika nyingine. Mwisho wa Julai aliipeleka kwa mkono, akasimama mbele ya meza kama wale watu waliokuwa wakisimama mbele ya meza yake. Jibu lilikuja Oktoba: onyo la maandishi, miaka imesahihishwa, naye atastaafu mapema, miaka mitatu kamili.

Alimpa Solomon aisome. Kijana aliisoma mara mbili, akakaa karibu naye kwenye kochi.

"Kwa hiyo una arobaini na tisa," alisema.

"Arobaini na tisa."

"Pole, Baba."

"Asante, mwanangu," alisema Clement, akainuka, akaiweka barua kwenye droo ya vyeti.