Sauti Kwenye Nyaya Mbili

Karakana ya Wanzala huko Kawangware ilifunguliwa tena Januari ya 2008, fujo za uchaguzi zilipotulia kidogo. Kamene alifagia vipande vya vioo, akachemsha chai ya wote, kisha akaketi kupima chaja za betri walizokuwa wakiunda. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Chaja inachomekwa, redio ndogo ya betri inawekwa kando yake, na redio ikinguruma, chaja imeanguka mtihani. Chaja chafu huvuruga redio za mtaa mzima, na mnunuzi wao hakutaka chaja za namna hiyo.

Lakini stima ya ukutani nayo huja na uchafu wake, wa mashine za kusaga posho na wa watu wa kuchomelea vyuma. Kwa hiyo kati ya soketi na chaja huwekwa filta, kisanduku cha bati chenye koili na kapasita ndani. Ukitaka kujua kama sufuria ni chafu, chuja kwanza maji ya kuioshea.

Asubuhi hiyo redio haikunguruma. Ilisema kwa sauti ya mwanamke, "Jirani, nifungulie. Niko na mtoto."

Wanzala alichomoa chaja. Redio ikasema tena.

"Si chaja," akasema Wanzala. "Iko kwa laini ya stima."

"Siku hizi hata stima inapata wageni," akasema Okello, aliyekata mabati ya visanduku. Kisha akarudi kwenye mkasi wake.

"Kuna mtu anamjua huyu mama?" Wanzala akauliza. "Tukipima hivi, kila chaja itaanguka."

Okello hakuinua macho. Kamene alisema hamjui.

Alimjua. Ilikuwa sauti ya Magdaline, jirani yake wa ukuta mmoja kule Lindi, Kibera. Kamene alipolazwa na malaria, Magdaline ndiye aliyemwogesha na kumlisha binti yake Mukai, na Mukai aliporudi kwa mamake alikuwa amesukwa nywele. Jioni moja ya fujo zile, vijana walipoingia kwenye ploti yao ya kupanga wakiuliza majina ya watu ili wajue kabila, Magdaline alimgongea Kamene mlango kwa mikono yote miwili. Kamene aliongeza sauti ya redio. Kulikuwa na kwaya. Alikaa kitandani amekikumbatia kichwa cha Mukai mpaka kwaya ikamaliza kuimba, na hapo nje palikuwa pamenyamaza. Baadaye alisikia kwamba Magdaline na mtoto wake wako hai, wamepewa hema kwenye uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Alimshukuru Mungu. Hakwenda kuwaona.

Wanzala aliongeza kapasita kwenye filta, akaongeza tena. Sauti haikupungua. Kamene, ambaye ndiye aliyesokota koili zote za karakana, alijua sababu. Kelele za mota hupita waya mmoja zikarudi kwa mwingine, na hizo kapasita huzimaliza. Sauti hii ilikuja kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja, kama mtu anavyogonga kwa mikono miwili. Dawa yake ni kusokota nyaya zote mbili kwenye pete moja nyeusi ya feraiti, kwa mwelekeo mmoja.

Angeweza kunyamaza. Alichukua pete akaanza kusokota.

Kila baada ya mizunguko michache walijaribu. "Jirani" lilikuwa neno la kwanza kupotea. Kisha likaenda "nifungulie." "Mtoto" lilikawia, hata ikabidi Kamene atafute pete kubwa zaidi. Mwishowe redio ikanyamaza, chaja zikapita zote.

"Mama Mukai, umetuokoa," Wanzala akasema, akamnunulia soda. Kamene aliinywa yote, kwa sababu kuikataa kungemlazimu aeleze.

Wiki zilizofuata sauti ilisikika kwenye pasi za mtaa wa Ayany na kwenye mashine za vinyozi wa kijiji cha Raila, kulekule Kibera. Haikumtaja jirani kwa jina, wala hakuna aliyeuliza ni jirani gani. Watu walikuja karakana mmoja mmoja, macho chini, wakaomba filta "ya ile kitu." Kinyozi mmoja alilalamika kwamba wateja wanainuka na kichwa kimenyolewa nusu. Mchungaji alichukua mbili, moja ya kinanda na moja ya spika. Kamene alizisokota zote, akafungia kila mtu yake vizuri.

Mvua za Machi zilipoanza, mwanamke alipiga hodi, mtoto mgongoni chini ya leso.

"Mama Mukai! Kumbe uko hapa?"

"Niko," Kamene akasema.

Okello alimvutia mgeni kiti. Wanzala aliitambua sauti mara moja. Alimtazama Kamene, kisha akainamia kazi yake.

"Mukai hajambo?" Magdaline akauliza.

"Hajambo. Ameng'oka meno ya mbele."

"Woi! Sasa anacheka aje?" Magdaline akacheka mwenyewe, kwa furaha ya kweli. Kisha akasema, "Nimeambiwa mnatuliza stima. Pale tulipohamia, nikiwasha tu taa najisikia nikiomba. Si mimi inanisumbua, mimi nimezoea. Ni huyu. Kila akisikia anaenda kufungua mlango. Anachungulia, anarudi ananiambia, mama, hakuna mtu."

Kamene alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, alikuwa amelibeba tangu Januari.

"Kaa kidogo," akasema, "nikutengenezee."

Alitafuta pete kubwa kuliko zote na waya mnene, akasokota taratibu, akipitisha nyaya mbili sambamba bila kuzivukisha. Walipoijaribu, redio haikutoa hata mkwaruzo. Mtoto alisikiliza, akageuka kuutazama mlango, kisha akalaza shavu kwenye mgongo wa mamake, akafumba macho.

"Imenyamaza kabisa," akasema Magdaline. Alivishika viganja vya Kamene vyote viwili, akavibana. "Una mkono mzuri, Mama Mukai. Mungu akubariki."

"Amina," Kamene akasema.