Garo la Punda

Siku tatu nzima punda wa Winfrida hakuonja hata pumba. Mwenzake aliumwa na nyoka kwenye shamba la mihogo akafa, na tangu hapo huyu aliyebaki alisimama uani akiutazama ukuta, masikio yamelala. Bwana mifugo wa Ilagala alimpima, akasema hana homa, ila akiendelea kugoma hivi hamalizi wiki.

Winfrida akamwendea Mzee Calixte, jirani yake mjane aliyetoka Burundi zamani, mtu wa maneno machache. Ujanani alitunza farasi wa matajiri kule Bujumbura. Alipoelezwa, alijibu tu: "Mkune kwenye garo, Mama Erasto."

Winfrida alisikia karo. Basi akamkokota punda hadi kwenye karo la kuoshea vyombo, akamkuna tumbo, akamkuna mapaja, mpaka punda akapiga ndoo teke. Jioni Calixte alipokuja kuangalia aliwakuta wote wawili wamelowa chapachapa, akacheka hadi akashika ukuta.

"Oya, siyo karo, mama. Garo. Ni Kifaransa. Farasi hapimwi urefu kichwani, maana kichwa hakitulii. Anapimwa kwenye garo."

"Si useme nundu, tuelewane."

"Nundu ni ya ng'ombe. Huyu ana nundu?"

"Bega, basi."

"Bega liko chini yake."

Winfrida, ambaye hajawahi kupungukiwa na neno mbele ya mtu yeyote, safari hii alilitafuta kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kiha, akakosa. Mzee akakuna kichwa.

"Uniruhusu, mama," alisema, akaweka ncha za vidole juu ya kitenge chake, chini kidogo ya shingo, pale mabega yanapokutana. "Hapa. Meno yake mwenyewe hayafiki. Mwenzake ndiye aliyekuwa anamkuna."

Tangu amzike Baba Erasto, mwaka wa nne huu, watu wamemshika Winfrida mkono na kumpa pole nyingi. Pale hakuna aliyepagusa. Calixte akaondoa vidole upesi, akatazama pembeni.

Winfrida alimgeukia punda, akamkuna garo kwa kucha. Mwanzoni alikuwa kama anakuna gogo. Kisha shingo ikalegea, mdomo wa juu ukarefuka kwa utamu, na punda akageuza kichwa, akaanza kumng'ata-ng'ata Winfrida begani taratibu, akikijaza kitenge mate.

"Usimzuie," Calixte alisema. "Anakurudishia."

Alirudishiwa mpaka bega likamuuma. Halafu punda akashusha kichwa kwenye beseni la pumba, akala, nao wakasimama wakimsikiliza akitafuna. Winfrida alijifuta machozi bila kujificha.

"Na wewe, Mzee Calixte, nani anakukuna?"

Mzee alifikiri kwanza.

"Nina kijiti," alisema.

Winfrida akanawa mikono, akavuta kigoda.

"Kaa," alimwambia.